Doa la Oili Ukweni

Ukweni Mbagala, Jumapili baada ya pilau, mwenye pikipiki alikuwa bado anasifiwa kwa kujibadilishia oili bila fundi, sifa alizozianzisha yeye mwenyewe, pale mtoto wa shemeji yake alipoingia sebuleni mbio na kutangaza kwamba pikipiki ya anko imejikojolea.

Watu wakatoka. Juu ya pevingi mpya za uani, zilizowekwa kwa mchango wa watoto wote na wakwe wote isipokuwa yeye, palikuwa na doa pana kama sahani, na tone jingine lilikuwa linajiandaa. Mama mkwe alilitazama doa, akamtazama mkwewe, akaenda jikoni akarudi na karai. “Mkwe,” alisema kwa sauti ya msibani, “tukinge hapa wakati unamalizia soda.” Baba mkwe, dereva wa malori mstaafu, hakusema kitu. Aliinama, akachovya kidole, akanusa, akajifuta kwenye shina la mwembe, akarudi ndani. Ilikuwa hukumu, na haikuwa na rufaa.

Kubadilisha oili ni kazi nyepesi. Injini hupashwa moto kidogo ili oili iwe nyepesi, bolti ya chini ikafunguliwa, oili chafu ikakingwa, bolti ikarudishwa, kisha ikamiminwa oili mpya, takriban lita moja kwa pikipiki ya 125. Mwenye pikipiki aliyafanya yote hayo Jumamosi kwa utulivu mkubwa. Washa ya bolti ilionekana imechoka, lakini ilikuwa bado mviringo, kwa hiyo aliirudisha. Ili kuisaidia, alichomeka bomba kwenye mpini wa spana akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Sasa, washa hiyo ni kitu cha ajabu kuliko bei yake. Wengi hudhani nyuzi za bolti ndizo zinazozuia oili. Hapana. Nyuzi hushika tu. Kati ya uzi na uzi kuna upenyo unaozunguka kama ngazi za mnara, na oili ya moto huzijua ngazi hizo. Mzuiaji ni washa, kipete cha shaba nyekundu au alumini, laini kuliko bolti yenyewe. Bolti inapokazwa, washa hubanwa, hufinyangika, hujaza mikwaruzo ambayo jicho haliioni. Ukishaifungua na kuirudisha, mikwaruzo haikutani tena na mahali pake, na shaba iliyokwisha kubanwa huwa imekakamaa. Shaba ina nafasi ya pili: ichome mpaka iwe nyekundu, ulaini wake unarudi. Alumini haina ishara hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi kabla haijawahi kuonyesha wekundu, na unabaki umeshika koleo tupu.

Nguvu nayo haisaidii. Bolti ni chuma, ukuta wa injini ni alumini, na wakigombana anayechanika nyuzi ni alumini. Vitabu vya pikipiki ndogo nyingi hutaja nyutoni-mita kati ya 20 na 30. Nyutoni-mita 25 ni kama kuning'iniza ndoo yenye lita 12 na nusu za maji kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Ining'inize ndoo hiyohiyo kwenye bomba la mita moja, na nguvu inakuwa mara tano. Nyuzi zake hazikuchanika kwa huruma ya Mungu tu.

Aibu inazidi ukijua kwamba pikipiki nyingi za Kichina za 125 zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyosanifiwa makusudi kwa ajili ya wamiliki wasiojali matengenezo. Wahandisi waliwafikiria wazembe. Mwenye bidii hawakumfikiria.

Kutafuta panapovuja ni elimu nyingine, maana upepo huisukuma oili nyuma na inapodondokea sipo inapotokea. Dawa ni kuosha injini, kuikausha, kuipaka poda, kisha kuzunguka kidogo, palipolowa ndipo. Aliazima poda ya mtoto. Kijiweni wakamuuliza, “Kaka, mtoto amelala?” Poda ikaonyesha duara la unyevu kwenye bolti.

Kariakoo, alikokwenda kutafuta washa mpya, ndiko ucheshi ulikoishia. Duka la kwanza: “Washa peke yake hatuuzi, bosi. Chukua seti nzima ya gaskiti.” La pili lilikuwa na bolti bila washa. La tatu lilimshauri apake silikoni, ambayo vipande vyake vikimeguka ndani huweza kuziba chujio la oili. Mji mzima unakwenda kazini kwa bodaboda, oili inabadilishwa kila siku kila kijiwe, na kipete kinachopaswa kubadilishwa pamoja nayo hakimo rafuni kwa sababu faida yake ni ndogo mno. Hasara ni ya dereva. Oili ikifika kwenye tairi la nyuma, anateleza na abiria wake. Ikipungua, vinaumia injini, gia na klachi kwa pamoja, kwa kuwa vyote vinaoga oili moja. Huyo hakuna seti ya gaskiti itakayomfidia.

Fundi mmoja mzee wa Gerezani alichomoa washa ya shaba kwenye kopo la kutu, akaichoma kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, akaifunga kwa spana fupi. Alidai hela ya chai.

Uvujaji umekoma. Kesi ya beseni la kufulia lililokingiwa oili chafu bado inasikilizwa nyumbani.

Wenye maduka ya vipuri, agizeni washa za bolti ya oili, mziweke kaunta kwenye chupa ya pipi, mziuze mojamoja. Wateja wapo.