Barua Kutoka Sunderland ile Nyingine

Kwa Mjomba wangu azizi,

Shikamoo. Baada ya salamu nyingi zisizo kikomo, kwako wewe, kwa Mkazamjomba, na kwa wote waliokaa barazani kwako saa hii, hata yule jirani wa Jangwani ambaye najua amekwisha kuuchungulia mstari huu kabla wewe hujaumaliza, nakuarifu kuwa mimi ni mzima wa afya, isipokuwa goti la kulia, ambalo habari zake zitakuja huko chini mahali pake.

Wasia ulionipa uwanja wa ndege, kwamba nisitie guu katika mji mwingine wowote wa Uingereza kabla sijawaona hao wenye jina lao, nimeutekeleza kuliko ulivyotaraji, maana riziki yangu yenyewe Mola ameiweka papa hapa Sunderland, katika ghala moja karibu na mto Wear unapoingia baharini, ninamopanga maboksi kwa zamu. Nimejaribu kuwaeleza wenyeji kuwa na sisi Dar es Salaam tulikuwa na Sunderland yetu, iliyochukua ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965, na ambayo haikuliacha jina hilo mpaka mwaka 1971 ilipojiita Simba. Nao husadiki kwa nyuso tu, kama mtu aliyeambiwa kuwa ana ndugu wa baba mmoja Bara Hindi. Sikuwaambia kuwa hata leo, Simba ikifungwa, wewe huvua kofia ukasema, "Sandaland haikuwa hivi."

Nilikuja huku, kama ujuavyo, na Kiingereza changu, nilichokitaabikia miaka yote ya sekondari kwa kamusi iliyong'oka gamba, hata nikapata cheti ambacho wewe ulikitia katika fremu ukakitundika ukutani pembeni ya picha ya kikosi. Kiingereza hicho kilinitosha kwa afisa wa uhamiaji, kikanitosha benki, kikanitosha hata kwa daktari wa meno. Kilichokishinda ni saa ya chai ya Jumatatu. Siku ya kwanza niliketi na wenzangu watatu, nikamsikia wa kwanza akisema kuwa yeye ametumbuliwa, wa pili kuwa ni mgonjwa kama kasuku, na wa tatu, ambaye hakuonekana kuwahurumia hata kidogo, akimsifu mwanamume mmoja kwa kuwa na shuka safi mara tatu mfululizo. Nikawaza, Mjomba, kuwa mmoja yu mahututi, mwingine ana maradhi ya ndege, na huyu wa tatu fikira zake zote ziko kwa dobi.

Kumbe ni mpira. Neno la kwanza, "gutted", ni la wauza samaki, lamaanisha kutumbuliwa matumbo kama changu kule feri, na kwa hawa huwa ni huzuni tu ya mtu ambaye timu yake imefungwa. (Na sisi kwetu kutumbuliwa kumekwisha kuhama kwa samaki kukaenda kwa wakurugenzi, basi tusiwacheke sana.) Shuka nalo si shuka bali ni karatasi ya kuandikia mabao, ambayo kwa kipa hodari hubaki nyeupe. Ama la kasuku, "sick as a parrot", kila niliyemwuliza asili yake amenipa nasaba nyingine, nami nimekata shauri kuwa hawajui. Ninachokijua mimi ni kuwa kasuku wa Mkazamjomba, aliyeishi miaka 18 kwa mtama na matusi, hakuugua hata siku moja.

Sasa habari za goti. Jumapili moja kikosi cha ghala kilipungukiwa na mtu, wakaniuliza kama nimepata kucheza, nami nikajibu kwa kiburi cha aliyekulia katika chandimu za Ilala kuwa nimecheza sana. Wakanipa beki ya kulia, na viatu vilivyonizidi kipimo, na uwanja wenye tope na upepo wa baharini usiojua haya. Mnamo dakika ya 10 mpira ukaniangukia, nikautuliza kwa wayo kama ulivyonifundisha, na mara kipa wetu akapaza sauti nyuma yangu: "Man on!" Nikayapima maneno hayo kwa sarufi, kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa. "Man" ni bwana. "On", kama katika "go on" na "carry on", ni endelea. Bwana, endelea! Nikaona mwenzangu ananitia moyo, nikaendelea kwa madaha, nikainua kichwa nipate kutazama wapi niupeleke mpira, na kabla sijapaona dunia ikapinduka nikawa chali topeni, na mpira umekwenda zake na mtu mwenye mabega mapana kama mlango wa forodha. Kumbe yale maneno ni onyo kwamba una adui mgongoni! Mtoto yeyote wa chandimu angesema "nyuma yako!" nami ningesalimika.

Kipindi cha pili nikaingia nimeapa kutoitegemea sarufi. Mpira ukaja tena, safari hii ndani ya eneo letu la hatari, nami niko peke yangu, hakuna adui aliye karibu, na wenzangu watatu wakapiga kelele kwa pamoja: "Time!" Nikasema, alhamdulillahi, hili nalijua. Wakati umekwisha! Hata katika vilabu vyao vya ulevi, mwenye klabu akilitamka neno hilo watu huweka bilauri chini wakaenda makwao. Basi nikainama, nikauokota mpira kwa mikono miwili, nikaufuta tope kwa pindo la jezi, nikaenda nao taratibu kwa refa ili nimkabidhi kwa adabu, kwani kwetu mpira wa watu haurushwi ovyo. Refa aliutazama mpira, akanitazama mimi, akautazama tena mpira, kisha akanyoosha kidole kwenye nukta nyeupe.

Maana ya "Time", Mjomba, ni kwamba unayo nafasi, usifanye pupa.

Kipa wetu, kabla ya kufungwa, aliniambia mengi ambayo hayamo katika kamusi yangu. Na baada ya kufungwa, hasira ilipompoa, akanieleza lililomchoma zaidi, kwamba adhabu hii ya penalti, iliyoingia katika sheria za mchezo mwaka 1891, ilibuniwa na bwana mmoja wa Milford huko Ireland, William McCrum, ambaye naye alikuwa kipa. Alilitaja jina hilo kama sisi tumtajavyo mtu aliyeuza shamba la ukoo.

Hapo ndipo mzee mmoja wa ghalani, aliyekuwa mchimba makaa katika ujana wake, aliponionea imani akawa mwalimu wangu, darasa likiwa ni saa ya chai na ada ikiwa ni mandazi ninayoyakaanga Jumamosi. Kwake nimejifunza kuwa bila ya bao katika mpira husemwa "nil", katika tenisi husemwa "love", ambayo kila mtu ajuavyo ni mapenzi, na katika kriketi mtu aliyetoka patupu husemwa amepata bata. Na hali wanalo neno "zero", ambalo ni sifuri yetu hii hii ya Kiarabu, iliyowafikia kwa njia ya Italia. Kwake pia nimejua kuwa mabao matatu ya mtu mmoja huitwa kwa jina la kofia kwa sababu ya mchezaji wa kriketi, H. H. Stephenson, aliyewatoa watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo mjini Sheffield mwaka 1858, watazamaji wakamchangia fedha akanunuliwa kofia. Hiyo niliipenda, hiyo ingeweza kutokea hata Pangani.

Lakini siku aliponiambia kuwa mtu aliyepitishiwa mpira kati ya miguu ametiwa kungumanga, nilicheka mpaka chai ikamwagika. Akataka kujua kisa. Nikamweleza kuwa kungumanga yatoka kwetu pwani, kwamba hukunwa ikatiwa katika halua na katika uji, na kwamba mabibi zetu wanazo habari zake nyingine, ambazo huwanong'oneza maharusi na ambazo barua ya kusomwa barazani haiwezi kuzichukua. Na katika hayo yote sioni hata moja limfaalo beki aliyeaibishwa mbele ya halaiki. Sisi, nikamwambia kwa kujigamba, husema amepigwa tobo: palikuwa na tundu, pamepita kitu, basi.

Akatafuna andazi kwa utulivu. "Na mpira ukimpita mtu juu ya kichwa?"

Nikajibu pasi na kufikiri, "Amepigwa kanzu."

"Kanzu ni nini?"

"Ni vazi refu jeupe, la sala na harusi."

"Kwa hiyo akiaibishwa huvishwa nguo ya harusi?"

Nilinyamaza, Mjomba. Miaka yangu yote nimewapiga watu kanzu na kupigwa, na sikuwahi kujiuliza fundi wa hiyo kanzu ni nani. Nikaona heri nikiri yote: kwamba mwamba wa juu wa goli tunauita mtambaa panya, ijapokuwa sijapata kumwona panya juu yake, kwamba mtu anayezungushwa kutoka ofisi hii hadi ile kwa ajili ya muhuri mmoja twasema anapigwa danadana, na kwamba dakika za mwisho, ambazo hakuna mwanadamu awezaye kulala, sisi twaziita dakika za lala salama. Hili la mwisho lilimwingia moyoni. Sasa kila zamu inapokaribia kwisha hulitamka kwa sauti, akivuta ile "a" ya mwanzo kama anayevuta nanga, na ghala zima humwitikia.

Jumamosi iliyopita akanichukua uwanjani. Jina lake ni Uwanja wa Nuru, nao ulifunguliwa mwaka 1997 juu ya ardhi ya machimbo yaliyofungwa mwaka 1993. Na nje imesimamishwa sanamu ya taa ya wachimbaji, ambayo mzee aliigusa kwa kiganja bila ya kusema neno, kisha akaenda kuninunulia pai ya nyama. Tulipoketi, maelfu ya watu wenye mistari myekundu na myeupe wakaanza kupiga kelele, nami, wallahi, nikasikia dhahiri: "Hawawezi! Hawawezi!" Machozi yakanilengalenga. Nikasimama, nikaitikia kwa pumzi zangu zote kipindi kizima, na watu wa pembeni wakanipigapiga mgongo kwa jinsi nilivyoishika lahaja yao. Wakati wa mapumziko ndipo mzee aliponiandikia juu ya karatasi ya pai maneno yenyewe, "Ha'way the lads", yaani haya twendeni vijana, akanionya nisithubutu kuitia "o" mahali pa "a", kwani hivyo ndivyo wasemavyo watani wao wa Newcastle. Nikamwambia kuwa onyo hilo mtu wa Kariakoo halihitajii ufafanuzi.

"Na wewe ulikuwa ukisema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akafikiri kidogo. Katika dakika za lala salama, matokeo yakiwa bado ni hayo ya mapenzi na bata, nilimsikia mzee wa watu, shingo imemsimama mishipa, akipiga kelele kuielekea timu ngeni: "Hawawezi!"

Jezi uliyoagiza nimeituma pamoja na barua hii. Ukiivaa ukapita Msimbazi hakuna atakayekuuliza kitu. Na jirani akikuuliza, mwambie ni ya Sandaland, yeye anajua.

Nisalimie wote.

Mpwa wako,
beki wa kulia, kwa sasa wa akiba