Namna ya Kununua Mkate kwa Kijerumani Bila Kutokwa Jasho

Kwanza, sahau kila ulichojifunza Kariakoo. Mdomo ule ulioshusha bei ya shati kutoka shilingi 30,000 hadi 18,000 hauna kazi Ujerumani. Bei imebandikwa rafuni, kodi imo ndani, na mwenye duka humwoni. Ukizidiwa na hamu ya kupatana, subiri Flohmarkt, mnada wa vitu vilivyotumika. Huko hata wenyeji huomba wapunguziwe, kwa aibu kidogo.

Kisha kariri kitabu. Katika mtihani wa A1, ambao wengi hutakiwa kuufaulu kabla ya kupewa viza ya kumfuata mume au mke, unaweza kupewa kadi ya mada ya Einkaufen, yaani ununuzi, yenye neno Brot. Muulize mwenzako: Wo kaufen Sie Brot? Naye atajibu kwamba mkate hununua beim Bäcker, kwa mwokaji. Msicheke, ingawa nyote wawili mnajua kuwa mkate hutoka kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, tena kwa mkopo. Ukiulizwa ratiba yako, sema: Ich kaufe am Samstag ein. Hako ka-ein ka mwisho usikasahau. Ni kipande cha kitenzi kilichohamia mkiani mwa sentensi, na msahihishaji anakisubiri.

Umefaulu? Hongera. Sasa panda ndege, ukagundue kwamba hakuna anayetaka kujua mkate unanunua wapi.

Mtihani wenyewe uko kwenye foleni ya malipo. Panga vitu vyako kwenye mkanda, halafu weka kile kijiti cha kuvitenga na vya anayefuata. Usipokiweka, mama aliye nyuma yako atakiweka mwenyewe, tena kwa kukipigiza. Keshia atasema Hallo, na kabla hujaitikia, maziwa yameshapita, mayai yamepita, nyanya zinakufuata kwa kasi. Kijana wa kufungasha hakuna. Na ile mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 2022, kwa hiyo uje na kikapu chako.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na majibu hayabadiliki. Payback-Karte, yaani kadi ya pointi? Nein. Bar oder Karte, taslimu au kadi? Karte, bitte. Bon? Nein, danke. Huyo Bon ni risiti. Tangu 2020 sheria inawalazimu wenye mashine za kielektroniki kuitoa hata kwa kiandazi kimoja, ila wewe hulazimiki kuichukua. Mwisho utatakiwa siku njema. Jibu gleichfalls, yaani nawe pia, uondoke. Tafadhali usimuulize keshia watoto wameamkaje. Nyuma yako kuna mzee ambaye tayari anapaza sauti: Zweite Kasse, bitte! Anataka kaunta ya pili ifunguliwe, na chanzo ni wewe.

Wa ngazi ya juu hurudisha chupa tupu. Ya plastiki ya kutumika mara moja ina amana ya senti 25, ya bia mara nyingi senti 8. Mashine inazimeza na kukutemea karatasi. Mpe keshia karatasi hiyo kabla hajafunga hesabu; akishafunga, hakuna sarufi itakayokuokoa.

Haya yote yafanye kabla ya Jumamosi usiku. Mapumziko ya Jumapili yanalindwa na katiba, na siku hiyo mkate utaupata kwa mwokaji kwa saa chache tu, kwenye kituo cha mafuta au stesheni kubwa ya treni, kwa bei ya juu zaidi.