Kibuyu cha Bwana Fisi

Wanyama wa bonde la Mto Simiyu walikuwa na mnada mmoja mkubwa, ule wa Bariadi. Msimu wa pamba ulipoanza, kila aliyechuma aliteremka na furushi lake, akapimiwa, akalipwa, na kabla hajarudi nyumbani alipitia kwa Bwana Fisi. Fisi alitandika ngozi yake chini ya mkwaju, pale njia ya Dutwa inapokutana na ya Maswa, akapanga vibuyu vya tumbaku iliyosokotwa tayari kuwashwa. Jani lilitoka mbali, Urambo huko Tabora. Kibuyu alikitengeneza mwenyewe, na ujuzi wake wote aliumalizia hapo.

Kimoja alikichora Simba dume amesimama juu ya jabali. Kingine alikichora fahali wa pembe ndefu akicheza ngoma ya mashindano, kundi la Wagika upande huu, kundi la Wagalu upande ule, wasichana wakimshangilia. Ndama waliokuja mnadani kuuza kuni walisimama wakizitazama picha hizo mpaka jua likazama. Fisi aliwafundisha vijana wake wa kuuza jambo moja tu: mteja hanunui jani, ananunua anachokiona.

Nyumbu alinunua Simba. Alianza akiwa kijana, pembe zake hazijajipinda bado, akaendelea mpaka akawa baba wa watoto. Kisha kifua kikaanza kumbana. Wenzake walipoondoka kufuata majani mabichi ya Serengeti, yeye alibaki mtoni akikohoa, miguu ikiwa mizima lakini pumzi hana.

Baraza likaitishwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo, naye akaamuru Fisi aandike kwenye vibuyu vyake kwamba jani linadhuru. Fisi akaandika, kwenye kitako cha kibuyu, kwa herufi ndogo kama nyayo za sisimizi. Amri ikahesabiwa kuwa imetekelezwa. Punda, ambaye hakujua kusoma, akaendelea kununua Simba. Pundamilia, aliyejua kusoma, hakuwahi kugeuza kibuyu.

Bibi Kanga ndiye aliyesimama. Vifaranga vyake viwili vilikuwa vimeonekana nyuma ya banda vikipokezana msokoto.

"Wazee wangu," alisema, "Bwana Fisi amechora miaka yote hii na hakuna aliyemuuliza. Naomba na sisi tuchore. Kichorwe kifua cha Nyumbu kilivyo huko ndani, kiwekwe pale pale alipokaa Simba."

Fisi akaruka. Alisema picha kama hizo zitawatisha watoto na kuuchafua mnada. Alisema kibuyu ni mali yake, na hakuna anayelazimishwa kuisema vibaya mali yake. Akawataja wakulima wa Urambo wenye watoto wa kusomesha. Ila kuhusu Simba na wasichana wa ngomani hakusema kitu.

Ngiri naye akaomba kusema. Hakuwa na biashara ya kulinda, na alisema kwa moyo mweupe. "Mimi sivuti. Lakini sipendi baraza linifuate mpaka mdomoni. Leo jani, kesho pombe ya mtama, keshokutwa chumvi kwenye mboga. Nani atasema basi?"

Hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa heshima, na Bibi Kanga aliijibu hivyo. "Baba Ngiri, hakuna anayekuzuia. Ukitaka kununua, nunua. Lakini Nyumbu alionyeshwa Simba tangu ujana wake, kifua hakuonyeshwa hata siku moja. Alichagua nini, ikiwa nusu ya jambo lilifichwa? Na alipotaka kuacha, jani lilikwisha kumshika. Aliacha, akarudi; akaacha, akarudi. Pombe na chumvi tutazizungumza zikiletwa, kila kimoja kwa madhara yake. Hili la leo linamuua mteja anayelitumia vile vile muuzaji anavyotaka alitumie."

Tembo akaongeza kuwa wakulima wa Urambo wanapaswa kusaidiwa kupata zao jingine, lakini njaa yao haiwezi kuwa sababu ya kumficha mnunuzi ukweli. Ombi likapita. Nyani akapewa rangi.

Hapo ndipo wema ulipokosea njia. Nyani alichora sura ya Nyumbu: mbavu nje, macho yamezama, mate yanadondoka. Mnada uliofuata, watoto walimkimbia Nyumbu. Muuza maji akamnyima kata. Wavutaji walijificha vichakani wakavutia huko, kwa sababu kibuyu kiliwaonyesha aibu na hakikuwaonyesha pa kwenda. Wanaokumbuka mabango ya miaka ya mwanzo ya UKIMWI, yenye mafuvu na wagonjwa waliokonda, wanalijua jambo hili. Hofu ilienea, na pamoja nayo ikaenea tabia ya kumtenga mgonjwa, hata wengine wakaogopa kupima.

Nyumbu alijikokota mpaka barazani. "Choreni pafu langu," alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nimeridhia. Sura yangu niachieni. Na chini ya hilo pafu choreni njia ya kwenda kwa mganga. Mtu akitishwa bila kuonyeshwa mlango, atabaki pale pale alipo."

Nyani akafuta, akachora upya: pafu jeusi, kubwa, upande wa mbele, na chini yake njia nyeupe ya kwenda zahanati. Punda alilitazama, akashika kifua chake, akauliza njia hiyo inaanzia wapi.

Fisi hakushindwa siku hiyo. Alivificha vibuyu chini ya ngozi, akaanza kuuza msokoto mmoja mmoja. Ndama mwenye senti za kuni alipokea jani mkononi bila kukiona kibuyu. Mwezi mzima ulipita kabla Bibi Kanga hajagundua, na Tembo akatoa amri ya pili: jani lisitoke kwenye ngozi ya Fisi ila ndani ya kibuyu kizima, picha ikiwa mbele. Fisi akakata rufaa. Akashindwa.

Yaliyompata Fisi yametokea kweli, mbali na hata karibu na hapa. Kanada ilianza kuweka picha kwenye pakiti za sigara mwaka 2001. Kenya ilianza mwaka 2016. Kampuni kubwa ya sigara ilizipinga kanuni za Kenya kuhusu picha hizo kutoka mahakama moja hadi nyingine, mpaka Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake Novemba 2019. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inataka onyo lenye picha lifunike asilimia 65 ya pakiti. Si kila mahali ilikuwa hivyo: Marekani, mahakama ya rufaa ilizizuia picha mwaka 2012, kwa hoja ile ile ya Fisi kwamba muuzaji asilazimishwe kusema asichotaka. Naiona hoja hiyo, na bado naikataa. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha, na muuzaji anayekaribisha watu kwenye hatari hiyo kwa rangi za kupendeza hana haki ya kuchagua peke yake picha gani ionekane.

Sisi sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2003 iliweka onyo la maneno. Mwaka 2007 Tanzania ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, unaotaka onyo kubwa linalosomeka, linalopaswa kufunika nusu ya pakiti au zaidi na lisipungue asilimia 30, na unaoruhusu picha. Nchi mwanachama hupewa miaka 3 kutekeleza kipengele hicho. Huku Bariadi, kijana anayenunua sigara moja kwa mangi anaondoka bila kuyaona hata hayo maneno. Mbunge wako akija mnadani, muulize lini picha zitawekwa, na lini sigara moja moja itakoma kuuzwa.