Namna ya Kukodi Mpiga Picha Maarufu Bila Kumpoteza Shangazi

Siku kamati ya harusi itakapofika kwenye ajenda ya picha, itagawanyika mara mbili. Kundi la kwanza litasema: tafuteni mwenye jina, mlipeni, kisha mkae pembeni mumwache afanye kazi yake. Kundi la pili litasema: fedha zetu, sura zetu, basi kila ukurasa wa albamu upite mikononi mwetu kabla haujachapwa. Kila kundi litakuwa na kisa cha harusi iliyoharibika kwa sababu ya ushauri wa kundi lingine. Msipige kura. Fuateni mwongozo huu, unaomwachia fundi jicho lake na kuwaachia ninyi watu wenu.

Anzeni kwa kujiuliza ni kwa nini wakubwa wa kazi hii waliachiwa uhuru. Patrick Lichfield, aliyepiga picha rasmi za harusi ya Charles na Diana mwaka 1981, anakumbukwa kwa filimbi aliyoipuliza ili wafalme na wana wa wafalme watulie na kutazama kamera. Nani angethubutu kumpulizia Malkia filimbi? Mtu wa nyumbani. Mama yake Lichfield na Malkia Elizabeth walikuwa mabinamu. Denis Reggie naye ndiye aliyepiga ile picha ya John F. Kennedy Jr. akimbusu mkono Carolyn Bessette wakitoka katika kanisa dogo la kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia, mwaka 1996. Hakuwapanga wala hakuwaambia wasimame. Picha ilizunguka dunia, na hadi leo wapo maharusi wanaotaka mpiga picha wa kutazama tu, asiyeamrisha. Lakini dada yake Reggie alikuwa ameolewa na Seneta Edward Kennedy, baba mdogo wa bwana harusi. Mabwana hawa wawili walipiga picha harusi za ukoo wao. Hakuna aliyehitaji kuwaonyesha shangazi ni yupi.

Mpiga picha wenu hana undugu na ninyi. Atakuja na kamera mbili, taa na msaidizi, naye hajui kwamba yule bibi aliyekaa karibu na spika, mwenye kitenge kilichopauka, ndiye aliyemlea bibi harusi baada ya mama yake kufariki. Anachokiona ni bibi aliyekaa kwenye mwanga mbaya. Mkimwachia uamuzi wote, nafasi ya bibi huyo itachukuliwa na picha maridadi ya viatu vya bibi harusi juu ya kiti. Hapo kundi la pili lina haki, nami niko upande wao.

Kwa hiyo mwandikieni orodha ya watu. Mapozi mwachieni, ndiyo mliyomkodia. Ukurasa mmoja unatosha: jina, uhusiano, na meza atakayokaa mhusika. Kisha teueni ndugu mmoja kwa kila upande, anayeujua ukoo wake hadi kwa vitukuu, awe karibu na kamera siku nzima. Kazi hiyo msimpe mwenyekiti wa kamati, maana saa hiyo atakuwa anabishana na wapishi kuhusu idadi ya sahani. Picha za ukoo zipigwe kabla ya chakula. Ndugu wakishakula, baba mkubwa anayekaa mbali atakuwa kituoni akitafuta gari la mwisho, na hakuna umaarufu utakaomrudisha.

Pwani kuna jambo zito zaidi, yaani ni nani atakayeziona picha, na wenye majina makubwa kutoka bara wafundishwe mapema. Usiku wa kupamba, uwe Mombasa, Lamu au Unguja, wanawake huvua mabuibui wakishaingia, na wenye shughuli wengi hukataza simu ukumbini. Kila aliyemo amekubali kuonekana na wanawake wenzake tu. Familia nyingi humkodi mpiga picha mwanamke na kudhani zimemaliza. Bado. Picha hutoka kwenye kamera zikaingia kwenye kompyuta ya mhariri, zikaenda kwa mchapaji, zikafika kwa fundi wa majalada, na kila kituo kina macho yake. Ulizeni nani anahariri, nani anachapa, nakala zinahifadhiwa wapi na zitafutwa lini. Ukurasa mmoja wa mfano ukipandishwa Instagram ili kutangaza biashara, dada aliyecheza chakacha kwa kuwaamini wenyeji wake atakuwa ameonekana na asiowajua. Bibi harusi ndiye aliyemwalika, hivyo yeye ndiye wa kumlinda. Atakayewaambia kwamba mteja hapaswi kuingilia albamu hajawahi kukaa katika ukumbi ule.

Sasa kundi la kwanza nalo lisikilizwe, maana kwenye kupanga kurasa ndilo lenye haki. Harusi moja huzaa picha elfu moja na zaidi bila shida. Albamu ya kurasa 40, yenye picha mbili au tatu kila ukurasa, hubeba 80 hadi 120. Mkilazimisha 400, kila mgeni atatoka mdogo kama stempu, na picha ile moja ya baba akimkabidhi binti yake, iliyostahili kurasa mbili nzima, itabanwa kati ya keki na mlango wa ukumbi. Mwacheni fundi achague kwanza, apange, awaonyeshe. Ninyi semeni mambo mawili tu: nani hayupo, na ipi isionekane. Rangi ya ukurasa, ukubwa wa picha na nafasi iliyoachwa wazi, mwachieni.

Wenye kusema hayo wawe wawili, maharusi wenyewe. Mpangilio ukitupwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati, kila aliyechanga atatafuta uso wake, na mtaanza kuhesabu nani katokea mara ngapi. Mama mkwe asipuuzwe, ila dawa yake ni tofauti: agizeni mapema albamu ndogo mbili za wazazi, kila upande na yake, zenye marafiki wa mama, wajomba na majirani kwa kadiri mama atakavyo. Gharama itaongezeka, lakini albamu kubwa itapumua na mama atakuwa na cha kuwaonyesha wageni sebuleni kwake.

Yote haya yaandikwe kabla ya malipo ya kwanza: idadi ya kurasa, mara ngapi mtarekebisha mpangilio bila kuongeza fedha, tarehe ya ninyi kujibu na tarehe ya yeye kukabidhi, picha zipi haziendi mtandaoni, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa mkishauona mpangilio mzima na kuukubali. Tarehe yenu ya kujibu iheshimuni, maana albamu nyingi hukwama kwa maharusi waliorudi kazini na kusahau kutoa jibu. Sharti moja zaidi: karatasi ya mwisho iwe na majina ya waliomo, ukurasa kwa ukurasa, yakiandikwa na wale ndugu wawili wa ukoo wangali wanakumbuka. Mpiga picha maarufu akisema yeye hafanyi kazi kwa masharti ya namna hiyo, mshukuruni kwa muda wake na mtafute mwingine wiki hiyohiyo, kabla kalenda za wapiga picha wazuri hazijajaa.