Povu la Jumamosi

Nyumbani kwetu Tabata kuna chumba kidogo nyuma ya jiko ambacho mchora ramani alikiita stoo, mke wangu akakipandisha cheo kikawa chumba cha kufulia. Kina mashine, kamba ya kuanikia siku za mvua, na bomba la maji machafu la inchi moja na nusu lililosimama ukutani, mdomo wazi, usawa wa kiuno. Mpira wa mashine unaingia humo, maji yanakwenda kwenye chemba, chemba inayapeleka shimoni. Kwa miaka mitatu mashine na bomba viliishi kwa amani.

Ndipo ikaja hoja ya sinki. Mke wangu alichoka kuona deki, viatu vya matope vya watoto na dagaa vikisuuzwa pale panapooshwa sahani. Fundi akaitwa, akachungulia, akasema kazi ya siku moja na nusu: ukuta uvunjwe, bomba libadilishwe. Akataja bei. Nilimsindikiza hadi getini kwa heshima zote, moyoni nimeshaamua. Bomba si lipo? Maji machafu si maji machafu? Ukuta uvunjwe wa nini, na madukani tii za kuunganishia mabomba zimejaa?

Jumamosi asubuhi nikashuka madukani Gerezani. Nikanunua sinki, tii moja, elbo tatu, bomba, gundi na msumeno.

"Trapu unayo?" muuzaji akauliza.

"Kwetu hakuna panya," nikamjibu.

Alicheka sana. Nikadhani ni mtu mcheshi.

Chini ya bomba la mashine palikuwa na kiungo kilichopinda kama shingo ya bata. Nikahisi fundi wa kwanza alikuwa anamalizia vipande vyake. Nikakiruka, nikakata mbele yake, nikapachika tii. Sinki nikaliweka chini, usawa wa goti, ili hata mtoto mdogo alifikie. Mwisho, kwa ajili ya unadhifu, nikaziba kwa silikoni ule uwazi kati ya mpira wa mashine na mdomo wa bomba. Gundi ilipokauka nikamwaga ndoo ya maji. Yakashuka. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Morogoro, akanipigia kigelegele.

Saa kumi jioni mke wangu akapakia mashuka na vitenge vya mama. Mashine ilifua kwa adabu mpaka wakati wa kutema maji. Pampu ikavuma. Sinki likakohoa mara moja, mara mbili, kisha likaumuka kama sufuria ya uji: povu la kijivu likapanda, likavuka ukingo, likashuka sakafuni, likashika korido bila kuuliza njia. Sebuleni mama mkwe alikuwa amekaa mkekani.

"Mkwe wangu," akaita taratibu, "hii bahari imetokea wapi?"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Niliyazoa. Ndoo nne.

Usiku ikaja harufu. Haikuja kwa kunyata. Iliingia kama mwenye nyumba, ikapita vyumba vyote. Mke wangu alifungua madirisha, akanitazama, hakusema neno. Afadhali angesema.

Jumapili fundi alirudi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichuchumaa, akagonga bomba kwa kidole.

"Bosi, maji ya sinki yanateremka yenyewe. Ya mashine yanasukumwa na pampu. Yakikuta njia nyembamba yanatafuta tundu lolote lililo chini. Mdomo wa juu umeuziba, sinki umeliweka gotini. Ulitaka yapite wapi?"

Kisha akanionyesha ile shingo ya bata. Hiyo ndiyo trapu. Katika mpindo wake hubaki maji, kina cha sentimita tano hadi saba hivi, na maji hayo ndiyo kufuli la harufu ya shimo. Mimi nilikuwa nimeunga sinki mbele ya kufuli, yaani nimetoboa dirisha la kuchungulia chemba. Na ile silikoni yangu nadhifu? "Bomba nalo linapumua," alisema. "Ukilinyima hewa, maji yakishuka kwa kasi yanafyonza hata yale ya kwenye trapu. Kufuli linabaki tupu."

Ukuta ukavunjwa. Likaingia bomba la inchi mbili, mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Tii ikatupwa, ikawekwa wai, inayoyaelekeza maji yanakokwenda badala ya kuyagonganisha ukutani mwa bomba. Sinki likapandishwa, likapata trapu yake, na bomba la hewa likapanda hadi juu ya paa. Siku moja na nusu. Bei ileile, pamoja na ya kubomoa ujenzi wangu.

Wakati wote huo mama mkwe alikuwa amevuta kigoda karibu, akisikiliza. Akauliza swali moja tu: maji ya kwenye trapu yakikauka je? Fundi akamwambia sinki likikaa muda mrefu bila kutumika yatakauka kweli, na harufu itarudi.

Siku hizi amerudi Morogoro. Kila tukitoka safari hupiga simu: anatusalimu, anawaulizia wajukuu, anauliza hali ya mvua. Kisha sauti inashuka.

"Mkwe wangu, sinki mmelinywesha?"

Namjibu nikiwa nimeshasimama pale, kikombe mkononi.