Naomba Kufundishwa Kutolipa Deni

Kwa Serikali ya Jamhuri ya Kenya,

Mheshimiwa, nadaiwa shilingi 15,785 na mama mwenye kioski mtaani kwetu, na chifu ameshaamua nilipe. Wewe unadaiwa fidia ya shilingi 157,850,000 na Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, kwa hukumu ya Juni 2022 ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Mwanafunzi huenda kwa fundi.

Nianze na utetezi wako kule Arusha: kwamba Waogiek wa leo si jamii ya pekee, ni mchanganyiko tu wa watu wa makabila mengine. Waingereza nao, kupitia Tume ya Ardhi ya miaka ya 1930, walipendekeza wamezwe na majirani zao, kwa hiyo hoja hiyo umeirithi pamoja na ofisi. Nami nitamwambia chifu kwamba mama wa kioski hayupo. Ni tawi la duka la ng'ambo ya barabara. Ni kweli kwamba Mei 2017 majaji waliikataa hoja yako na kuiita ubaguzi. Lakini chifu wetu si jaji.

Ile ya msitu ndiyo naipenda zaidi. Ulidai Waogiek wanaumaliza Mau. Watu wa mizinga! Watu ambao mti ukianguka, nyuki wanahama na asali inakwisha! Halafu wewe mwenyewe, mwaka 2001, ukamega Mau na kugawa ardhi, na kabla ya hapo ukafyeka misitu ili upande chai ya Nyayo, eti iwe ukuta wa kulinda msitu huohuo. (Chai hiyo nainywa, sikatai.) Majaji walisema uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek. Hata hivyo nitajaribu: unga niliokopa, aliula mwenye kioski.

Ninapokwama ni hapa. Ulipewa miezi 12 ya kulipa, na uliagizwa pia uwape hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023 ukafika Sasimwani, Narok, si na hundi bali na askari wa misitu, na nyumba zikabomolewa na kuchomwa. Yaani mdaiwa kamfurusha mdai! Mimi sina askari wala lori. Je, huazimishi?

Kama huazimishi, nitaunda jopokazi, kama ulivyounda lako baada ya hukumu ya 2017. Nijibu kabla ya Jumatatu. Chifu wangu hana subira kama ya Arusha.

Mdaiwa mwenzako