Hotuba ya Gwiji wa Sahani kwa Wanaotafuta Chuo cha Lishe

Waheshimiwa wazazi, na ninyi wanangu mliomaliza kidato cha sita, kaeni vizuri. Simu zizimwe, kalamu zitoke. Nitakayoyasema leo hayamo kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na hiyo ni hasara ya TCU.

Najua wapo wanaonong'ona huko nyuma: huyu ana shahada gani? Tumbo hili mnaloliona ndiyo tasnifu yangu. Nimelitetea mbele ya sinia za pilau kwenye harusi za kila mkoa, na halijarudishwa kwa marekebisho. Serikali ilipoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973 haikuniuliza neno, ingawa nilikuwa tayari nakula. Nimewasamehe.

Kanuni ya kwanza: tazama geti. Wapo waoga watakaokwambia ukaulize kwanza kama programu ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, eti shahada isiyotambuliwa haina mkopo wala ajira. Ithibati ni karatasi, geti ni chuma. Kipi kinadumu?

Kanuni ya pili: jina la shahada lisikuumize kichwa. Pale Sokoine, Morogoro, wanakutenganishia Sayansi ya Chakula na Teknolojia huku, Lishe ya Binadamu kule. Wanadai wa huku anahangaika na usindikaji, na kwa nini mahindi yaliyohifadhiwa mabichi huota ukungu na kuzaa sumukuvu. Wa kule anahangaika na mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa kisukari. Porojo! Mdomo ni mmoja. Ukijikuta kiwandani na wewe ulitaka wodini, hesabu umetembea.

Kanuni ya tatu: kimbia chuo chenye maabara. Humo utapewa chumvi uipime kama ina madini joto, kana kwamba huna ulimi. Mimi chumvi naipima kwa ulimi tangu utotoni. Wenye rovu shingoni nao walipima hivyohivyo, lakini hilo tusilichimbe.

Kanuni ya nne: kimbia zaidi chuo kinachowatoa wanafunzi nje. Kuna vyuo vinampeleka mtoto wa watu kliniki kupima uzito wa watoto, kisha kijijini kuuliza kina mama jana walipika nini. Huo ni umbea wenye fomu! Mkalishe mwanao darasani, akariri vitamini kwa mpangilio wa alfabeti, arudi nyumbani na joho safi.

Naam, binti pale, naona umenyoosha mkono. Sema kwa sauti… Eti kama shibe ndiyo lishe, mbona Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayovuna mahindi hadi maghala yanafurika, ndiyo inayoongoza kwa udumavu? Eti utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kitaifa ni asilimia 30?

Swali jepesi. Waongezewe ugali.

Unasemaje tena? Ugali wanao? Wanachokosa ni maharage, mayai, mboga na matunda kwenye sahani hiyohiyo, na mama anashinda shambani hana nafasi ya kumlisha mtoto mara anazopaswa? Binti, nani amekufundisha kumjibu mzee namna hiyo? Mwalimu wako wa baiolojia? Nilijua tu.

Sikilizeni wote: maswali yenye takwimu hayapokelewi katika ukumbi huu. Na wewe binti, kwa kuwa umeng'ang'ania, adhabu yako ni hii: nenda kasome palepale penye ithibati, maabara, wodi na vumbi la kijijini, wakutese miaka mitatu, tuone utarudi na nini cha kunieleza mimi. Wengine wote, vyeti vya kuhudhuria vinauzwa mlangoni, na kila cheti kina sahani yake ya pilau.